Maiki ya Berlin na chujio la chai

Najua nimeadimika. Kuna walioniuliza kantini kama nimemezwa na UE. Hapana jamani, nilikuwa najenga maiki. Tena ya valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa zinawaka ndani ya redio za babu zetu. Msinicheke kwanza, someni.

Habari yenyewe inaanzia Berlin. Mwaka 1928 Georg Neumann alifungua kampuni pale akatoa maiki moja ndefu ambayo watu waliibatiza "chupa". Maiki ya kondensa hakuibuni yeye, sifa hiyo ni ya E. C. Wente wa Western Electric kule Marekani, 1916. Neumann aliitoa maabara akaiingiza sokoni. Vita ikaja, 1943 kiwanda kikapigwa mabomu, wakahamia mji mdogo wa Gefell. Vita ilipoisha Gefell ikabaki upande wa Warusi, mwenyewe akaanza upya Berlin, na tangu hapo pakawa na viwanda viwili, kama ndugu waliotenganishwa na mpaka. Mwaka 1949, Berlin ikiwa bado magofu, ikatoka U 47. Ndiyo maiki aliyoimbia Sinatra, na Beatles pale Abbey Road. Sisi watu wa History tunafundishwa vita viliharibu nini. Mara chache tunauliza watu walitengeneza nini juu ya vifusi.

Inafanyaje kazi? Kuna utando mwembamba kuliko unywele, umepakwa dhahabu, umewambwa mbele ya bamba lenye matundu. Ukivitia chaji vinakuwa kapasita. Sauti ikitikisa utando, umeme unapanda na kushuka, ila kidogo mno kiasi kwamba waya wa mita chache tu unaumeza. Ndiyo maana valvu inakaa humo humo ndani, sentimita chache kutoka kwenye utando.

Na valvu ndiyo iliyoiua U 47. Walitumia VF14 ya Telefunken, valvu ya redio iliyotengenezwa kuwashwa kwa volti 55. Wao waliiwasha kwa volti 36 hivi, makusudi, isipige kelele na idumu. Ujanja wa hali ya juu! Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 Telefunken wakaacha kuitengeneza, akiba ikaisha, na kufikia 1965 U 47 ikafa. Leo hiyo valvu peke yake ina bei ambayo boom la mwaka mzima haligusi.

Sasa mimi. Bibi yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge akiwa msichana, na ndiye niliyemchagua kwa mradi wangu wa masimulizi. Likizo iliyopita nilimrekodi kwa simu. Nilipokuja kusikiliza bwenini, nusu ya maneno hayashikiki, na sauti yake siku hizi imekuwa ndogo mno, anaongea kama anayenong'ona. Nikajua nikingoja sana sitakuwa na wa kumrudia.

Boom lilipoingia nikaagiza kapsuli ya China iliyoigwa kutoka kwa Neumann. (Rafiki zangu, ndiyo sababu nimekula kwenu wiki tatu. Mungu awalipe.) Valvu ni EF86, fundi redio mmoja aliing'oa kwenye tepu rekoda mbovu. Mwili ni kipande cha bomba la chuma, na kichwani nimeweka chujio la chai.

Siku ya kwanza ikavuma kama jenereta, kwa sababu transfoma ya umeme niliiweka karibu. Nikaihamishia kwenye boksi lake mbali, kimya kikarudi. Halafu ikaanza kutatarika kila jioni. Siku nne nimehangaika! Kumbe ni jasho la vidole vyangu pamoja na unyevu wa hewa ya huku pwani, umeme ule mdogo ulikuwa unavujia kwenye uchafu. Nikasafisha kwa spiriti, ikatulia. Na mwenye kutaka kujaribu asikie hili: kapasita za boksi la umeme zinabaki na chaji hata ukichomoa waya. Zilinirusha mpaka kitandani kwa roommate, naye bado hajanisamehe.

Jumamosi nilikwenda. Nikaisimamisha juu ya stuli, nikamwambia, "Bibi shikamoo, leo ongea taratibu tu, hii itasikia." Akaitazama sana.

"Marahaba. Mjukuu wangu, mbona umeniwekea chujio usoni? Unataka maneno yangu au machicha?"

Ameongea saa moja na nusu. Alinionyesha singa za katani zilivyowakata vidole, akazitaja nyimbo za kazini mojamoja, na pale alipomtaja dada yake akanyamaza. Nikisikiliza sasa, kwenye ule ukimya inasikika pumzi yake, na kuku wa jirani kwa mbali. Hapo sijakata. Kesho naanza kuandika maneno yake kwenye daftari.