Siku za Mgonjwa wa Malale Katika Nchi ya Katavi

Ukifungua kitabu chochote kinachoeleza historia ya magharibi ya Tanzania hutafika mbali kabla ya kukutana na malale. Utaelezwa habari za mbung'o, za Wajerumani na kambi zao, za Waingereza na amri zao za kuhamisha watu. Utaelezwa jinsi pori lilivyoenea na vijiji vilivyokufa. Yote hayo ni kweli. Lakini mtafute humo mtu mmoja tu aliyekuwa anaumwa, ujue asubuhi alikula nini, nani alimnawisha uso, usiku nani alikesha naye. Humpati ng'o! Nzi kapewa sura nzima, mgonjwa kapewa tarakimu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, apewe tu. Lakini je, na mwanahistoria naye asimwulize hata habari zake?

Hebu kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Jina la malale limetokana na kulala, na jina hilo limetudanganya wengi. Tunadhani mwenye malale ni mtu wa kusinzia tu, kama mlevi wa pombe. La hasha. Kijidudu kiitwacho tripanosoma, kinachopandikizwa na mbung'o (wengine humwita ndorobo), huanzia kwenye damu. Mtu hupata homa ya kuja na kuondoka, kichwa kinagonga, viungo vinauma, tezi zinavimba. Baadaye kijidudu kinaingia kwenye uti wa mgongo na ubongo, na hapo saa ya mwili inavurugika. Mchana mtu anasinzia tonge likiwa mkononi, usiku yuko macho anazunguka uani. Mikono inatetemeka, miguu inakuwa mizito, na ulimi vilevile. Tabia nayo inageuka. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali, aliyekuwa na haya anasema mbele ya wakwe maneno yasiyosemeka. Sasa wewe fikiri, katika kijiji ambacho hakuna hadubini, watu watasema nini? Watasema karogwa, au watasema ndiye mchawi mwenyewe.

Tena malale ni ya aina mbili. Ile ya Kongo na Afrika Magharibi huenda polepole, na mtu aweza kuishi nayo miaka kabla haijammaliza. Ile ya mashariki, ambayo ndiyo ya mapori yetu, ina haraka. Majuma au miezi michache yatosha kufika ubongoni. Wataalamu waliitambua aina hii ya pili mwaka 1910, na mwaka 1958 ikathibitishwa nchini Kenya kwamba pongo, yule mnyama wa vichakani, anaweza kuitunza mwilini mwake. Maana yake ni kwamba pori lenye wanyama ni ghala la ugonjwa. Na nchi ya Katavi imekaa katikati ya yote mawili: magharibi kuna Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, mashariki kuna miombo na wanyama wasiohesabika.

Pori hilo halikuwa kubwa hivyo tangu enzi. Karne ya 19 ilikuwa ya misafara ya pembe na watumwa, na ya vita vya watemi. Kisha katika miaka ya 1890 ikaja sotoka ikafyeka ng'ombe na wanyama wa porini sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 nayo ikachukua wanaume kubeba mizigo ya majeshi. Shamba lisilolimwa huota kichaka, na kichaka ni nyumba ya mbung'o. Helge Kjekshus alilieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1977. Kijana anayetaka kuandika riwaya ya nchi hii asikikose.

Wakati huohuo wakubwa wa sayansi walikuwa wakitafuta dawa. Mwaka 1906 Mjerumani Robert Koch alipiga kambi kwenye visiwa vya Sese, Uganda, akawadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Wapo waliopata nafuu. Wapo pia waliopofuka macho kwa dawa hiyohiyo. Mtu kaja kutibiwa usingizi, kaondoka kipofu, anashikwa mkono na mtoto kurudi kwao! Wajerumani wakafungua kambi pia kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakaajiri Waafrika kazi yao kuzunguka vijijini wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Ukikutwa na tezi, kambini. Watu wakajifunza kujificha, na nani atawalaumu? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini na mfichuaji naye alikuwa na sindano yake.

Walipokuja Waingereza waliona njia ni moja: kuwatoa watu porini na kuwakusanya mahali pamoja, wafyeke kwa wingi wao hadi mbung'o akose kivuli. Mtaalamu wao, Daktari George Maclean, ndiye aliyesimamia kazi hiyo katika Jimbo la Magharibi kwenye miaka ya 1920 na 1930. Huku kwetu Wakonongo wakakusanywa Inyonga, Wapimbwe nao wakahamishwa. Kurina asali, kuwinda na kuvua, ambayo ndiyo yalikuwa maisha ya watu hawa, yakawekewa masharti. Haki yake tumpe Mwingereza, ugonjwa ulipungua. Lakini makaburi ya mababu yalibaki nyuma, na sehemu ya nchi iliyoachwa wazi ikawa ya wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Katavi tunayojivunia leo ilitangazwa mwaka 1974.

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji asimame kidogo. Amri imetoka, kijiji kihame. Vijana watabeba vyungu, wanawake watabeba watoto na mbegu. Na yule asiyeweza kutembea je? Inabidi achongewe machela, na machela yataka wanaume wanne, na wanne hao wana mizigo yao na watoto wao. Njiani mgonjwa anasinzia mchana. Usiku, wenzake waliochoka wakitaka kulala, yeye ndiyo kwanza ameamka, anataka kurudi alikotoka. Inabidi mtu amshike. Huyo mtu kwa kawaida ni mke, au mama, au binti mkubwa. Asubuhi anabeba mzigo kama wengine. Wakifika, kila kaya inapewa eneo la kufyeka. Je, kaya yenye mgonjwa inafyekaje? Maswali haya hayamo katika ripoti, kwa sababu ripoti ilihesabu kaya, ekari na nzi.

Mwaka 1949 ikapatikana dawa nyingine ya aseniki, melasoproli, iliyoweza kumfuata mdudu hadi ubongoni. Kabla ya kudungwa, mgonjwa alitobolewa mgongo ili maji ya uti yapimwe. Dawa yenyewe iliunguza mshipa kama moto, na katika kila wagonjwa 20 iliweza kumuua mmoja. Wengi walikubali, maana bila dawa ni kifo. Lakini kupona nako kuna namna zake. Mdudu anaweza kwisha mwilini, kisha mkono ukaendelea kutetemeka, kumbukumbu zikawa na matundu, mtoto akarudi shuleni asiweze tena kushika somo. Daktari anaandika "amepona". Nyumbani wanajua kwamba aliyerudi siye yuleyule aliyeondoka. Hujafa hujaumbika.

Haya ninayasema nikiwa na sababu. Mama yangu alipigwa na kiharusi, na huu ni mwaka wa sita. Upande wa kulia hauinuki, maneno yanatoka nusunusu. Tangu nimalize kidato cha nne kazi yangu ya kwanza ni yeye: kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumwogesha, kupooza uji, kunyoosha vidole vyake kimoja kimoja. Mwezi wa kwanza majirani walijaa, huyu na sukari, yule na sabuni. Mwaka wa pili wakawa wanauliza wakipita barabarani, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nimegundua kwamba majibu wanayoyapokea ni mawili tu: amepona, au ametutoka. Ukisema "yupo vilevile", mtu hana la kukujibu, anaangalia pembeni, anaaga. Simlaumu. Hajafundishwa hadithi ya mtu aliye vilevile.

Na sisi waandishi ndio tusioifundisha. Tazama hadithi zetu, hata hizi fupi tunazoandika vijana. Mgonjwa akiingia ukurasa wa tano, ukurasa wa saba amekufa ili shujaa alie, au amepata mganga ili shujaa afurahi. Asiyekufa wala kupona tunamfukuza kwenye hadithi, ati anachelewesha kisa. Kumbe yeye ndiye kisa! Miaka yote hiyo nyumba nzima inapangwa kumzunguka: nani aende shamba, nani abaki, nani aache shule, posa ya nani ikataliwe.

Yupo mtu mmoja wa nchi hii ambaye maisha yake yanatuonyesha urefu wa kazi hiyo. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu mnamo 1866, akaibwa utotoni na wauza watumwa, akakombolewa na mapadri wa White Fathers, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Akaoa huko, akabaki huko. Alitibu watu wa Karema na wa mwambao hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe, ni miaka 67! Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakaja, yeye yupo pale pale na dawa zake. Mtu akikaa mahali pamoja muda wote huo, anawaona hata wale wasiopona. Anamjua mgonjwa, na mtoto wa mgonjwa, na mjukuu wake. Mwaka 1946 habari za maisha yake alizosimulia mwenyewe zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Daktari ana maandishi yake, na tunashukuru. Zamu ya mgonjwa bado.

Siku hizi malale yamepungua sana. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika mwongozo wake vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina yetu. Vinamezwa kwa siku 10 pamoja na chakula, hakuna mshipa kuungua. Ni furaha kubwa. Lakini Mpanda ya leo ina nyumba zenye kifafa, kisukari, siko seli na kiharusi. Nchi inayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mkoa wetu wenyewe ulizaliwa mwaka 2012. Sheria hutaja haki, na ni vizuri itaje. Kumgeuza mtu saa nane za usiku ni kazi ambayo sheria haiwezi kuifanya, ila inaweza kuandikwa ili ajulikane anayeifanya.

Basi vijana wenzangu wenye kalamu, kazi ipo na haihitaji cheti. Wazee waliohamishwa wakiwa watoto wanazidi kwisha. Ukimpata mmoja, Inyonga au Mpimbwe, au mwana wa mmoja, usianze kumwuliza amri ilitoka mwaka gani. Mwaka utaupata kitabuni. Mwulize nani katika nyumba yao hakuweza kutembea siku ile ya kuhama, nani alimbeba, na walipofika alilazwa wapi. Mwulize jina lake. Halafu andika siku moja tu ya mtu huyo, tangu jogoo la kwanza hadi taa inazimwa, bila kumuua na bila kumponya.