Laini: Neno Lililopanda Gari Moshi Hadi Kitale

Mwaka 1926 reli ilifika Kitale. Ilichepuka kutoka njia kuu pale Leseru, ikapita Soy na Hoey's Bridge, mji tunaouita leo Moi's Bridge, ikaishia katika ardhi ya mahindi chini ya Mlima Elgon. Njia kuu yenyewe ilikuwa ikielekea Uganda kupitia Broderick Falls, yaani Webuye, na Bungoma. Wajenzi waliiita "line". Wenyeji wakaiita laini, na neno likabaki hata miaka ambayo nyasi ziliota juu ya mataruma ya tawi la Kitale.

Kiswahili kilikuwa na laini yake ya kale, yenye asili ya Kiarabu, ile ya kitu kisicho kigumu. Hakuna anayezichanganya hizi mbili. Pale kwenye kinu cha posho mama anaweza kuomba asagiwe unga laini na kuambiwa ashike laini, na akaelewa yote kwa mara moja.

Lakini haikuwa reli iliyoliingiza neno hili ndani ya nyumba za watu. Yalikuwa mashamba. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iligawa ardhi kwa wanajeshi wa Uingereza waliostaafu, na sehemu kubwa ya Trans Nzoia, nchi ambamo Wasabaot na Wapokot walilisha mifugo, ikawa mashamba ya walowezi. Wafanyakazi walihitajika. Wabukusu wengi walivuka kutoka Bungoma, wengine wakaja kutoka mbali zaidi. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Vibarua wengine walijengewa vibanda vilivyopangwa safu kwa safu, mlango ukitazama mlango, ili msimamizi aweze kuwahesabu kwa urahisi. Vibanda hivyo ndivyo vilivyoitwa laini. Mtoto alizaliwa laini, akalelewa kwa posho ya unga wa mahindi aliyopewa baba yake, akakua bila shamba ambalo ukoo wake ungeliita lao. Ninaposikia neno hili likitamkwa kwa wepesi mjini, sipendi tusahau kwamba kwa vizazi viwili hivi lilikuwa anwani ya watu waliopangwa na mtu mwingine. Polisi wa Kenya nao bado wanaishi laini, na watoto wao husema hivyo hivyo: nimekulia laini.

Kisha neno likaingia shambani kwenyewe. Kituo cha utafiti cha Kitale kilianzishwa mwaka 1952, kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ikafuata mwaka 1956, na mwaka 1964 mahindi chotara ya H611 yakatolewa kwa wakulima. Yalitokana na kuchanganya mahindi ya Kitale na mbegu iliyoletwa kutoka Ecuador. Baadaye ikaja 614, ambayo wazee wa eneo la Kwanza, huku Trans Nzoia, huitaja kwa namba kama wanavyotaja jina la mtu wa nyumbani. Mbegu hizi zilikuja na maagizo. Mkulima aliyezoea kutawanya mbegu kwa mkono aliambiwa apande kwa laini, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, ili mbolea ifike kila shina na jembe lipite wakati wa palizi. Kituoni nako kulikuwa na laini za aina nyingine: mahindi yaliyochavushwa yenyewe kwa yenyewe, kizazi baada ya kizazi, mpaka tabia zake zikatulia. Kwa hiyo ndani ya punje moja ya 614 kuna laini za mtafiti, na punje hiyo hiyo hufukiwa katika laini ya mkulima.

Wakati huo mashamba makubwa yalikuwa yameanza kukatwakatwa na kugawiwa Waafrika, na watu wengi waliotoka kwenye vibanda vya vibarua walinunua ekari zao kwa vikundi na vyama vya ushirika. Mtu aliyewahi kupangwa laini sasa alipiga laini zake mwenyewe, kwa kamba na vigingi, juu ya udongo wake. Hapo ndipo naona neno lilipobadilika mikononi mwa wenyeji, ingawa kamusi haitakuonyesha siku hiyo.

Mijini lilienea upesi. Shuleni watoto hupiga laini asubuhi. Matatu huingia laini stejini na kusubiri zamu, na dereva wa Kitale kwenda Kapenguria husema hiyo ndiyo laini yake. Mtu mkorofi huambiwa akae kwa laini. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mwaka 1988, wapigakura walipolazimishwa kusimama hadharani nyuma ya wagombea katika uteuzi wa KANU, chama tawala cha wakati huo, jina lililoshika lilikuwa mlolongo. Mtindo huo uliachwa mwishoni mwa 1990, na neno mlolongo likabaki na doa lake. Laini iliponea.

Halafu simu za mkononi zikalipa neno hili maisha mapya. Laini ikawa kile kikadi kidogo chenye namba, na tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ikawa pia mkoba wa pesa. Walimu wengi bado huisahihisha katika insha: andika mstari, andika foleni, andika kadi ya simu. Naheshimu kazi yao, lakini kila mara kalamu nyekundu inapopita hapo inafuta historia ya eneo zima, na ningependa wanafunzi wa Kwanza waulizwe kwanza nyumbani kwao neno hilo lilifikaje.

Siku hizi mkulima aliyesajiliwa hupokea ujumbe wa mbolea ya ruzuku kwenye laini yake, hulipa kwa laini hiyo hiyo, kisha husafiri hadi bohari la Bodi ya Nafaka na kushika laini nyuma ya trekta na malori. Mbolea akiipata, anarudi kupanda kwa laini kabla mvua haijamtangulia.