Farasi wa Nzega

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika uongo, na nusura niuandike.

Kulikuwa na kongamano la siku tatu hapa Nzega, wajumbe wametoka mikoa mbalimbali. Mama mmoja mwenye ukumbi akaona usiku wa mwisho awafanyie tafrija ya mbio za farasi. Si farasi wa kweli, jamani! Farasi sita wa mbao wenye namba ubavuni, turubai lililochorwa mistari, na dadu moja. Namba ikitokea, farasi wake anasogezwa mstari mmoja. Mgeni anapewa punje ishirini za mahindi, ndizo pesa zake za kuwekea dau.

Mama akaniita. "Mwanangu, nasikia wewe ni mtunzi. Waandikie wageni historia ya farasi wa Nzega, dakika tano tu, iwe tamu. Nitakupa elfu kumi."

Kwa mtu aliyeishia kidato cha nne, mwenye riwaya iliyolala chini ya godoro, elfu kumi si ya kuchezea. Nikakaa chini ya mwembe nikaanza: hapo zamani mtemi mmoja alikuwa na farasi mia… Kalamu ikagoma. Nikaenda kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mwalimu. Natafuta farasi."

"Marahaba. Farasi wa huku?" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanitolea kitabu cha Stanley, yule aliyekuja kumtafuta Livingstone.

Nikawakuta. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu, akiwa na punda 27 na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Siku chache tu kutoka pwani, katika kijiji cha Kingaru, farasi wote wawili wakafa. Alipompasua mmoja akakuta minyoo tumboni. Akamzika. Basi mkubwa wa kijiji akaja juu: umezika mnyama katika ardhi yangu bila ruhusa, lete faini ya doti mbili za merikani! Stanley akajibu kwamba kama ni hivyo atamfukua amrudishe alipofia. Mzee kusikia habari ya mzoga juu ya ardhi yake, faini akaisahau.

Hata kama wangepona pale, mbele yao kulikuwa na miombo yenye mbung'o, na mbung'o hamwachi farasi. Ndiyo maana Nairobi, kwenye baridi ya juu, wamekuwa na mbio za farasi tangu 1904, sisi tukabaki na turubai. Punda walijitahidi, lakini nao walikufa njiani kwa wingi.

Sasa nani alibeba ile mizigo yote? Nikaendelea kusoma, na neno moja likanishika: frasila. Lina sauti ya farasi, lakini ni kipimo tu, karibu kilo 16. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, za nguo au shanga au pembe, kati ya pwani na Tabora, safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Mnyamwezi alibeba begani. Biashara yote ile, ya Waarabu na ya Wazungu, ilipita juu ya mabega hayo, mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Nikaichana ile habari ya mtemi na farasi wake mia.

Usiku ule nikawasomea niliyoyakuta. Mama alikuwa amesimama mlangoni, uso umekunjamana. Nilipomaliza kukawa kimya, nami nikajua elfu kumi imekwenda na maji. Mara mjumbe mmoja mnene akauliza, "Frasila mbili ni kitu gani hasa? Tuonyeshe!"

Tukaenda stoo, tukapima mpunga kwenye mizani, kilo 32 kamili, tukaurudisha ukumbini ndani ya gunia. Farasi wa mbao wakasahaulika. Wakawekeana dau za mahindi nani ataubeba begani na kuzunguka ukumbi mara kumi. Wa kwanza alifika mzunguko wa tatu. Yule mnene hakumaliza hata mmoja, akakaa juu ya gunia akihema, tai imelegea. Dada mmoja mwembamba kutoka Sikonge, ambaye hakuna aliyemwekea punje hata moja, alizunguka mara saba, akalitua polepole kama anayelaza mtoto, akaomba maji. Mara kumi hakufika mtu.

Wageni walipokwenda kulala, mama akanihesabia elfu tano. "Nusu," akasema, "maana farasi sikuwaona." Sikubishana. Akanionyesha gunia pale katikati ya ukumbi, akaniambia nilirudishe stoo kabla sijaondoka.

Kutoka pale hadi stoo ni hatua sitini na mbili. Nilizihesabu. Nilipumzika mara moja.