Herufi ya Tano

Mbeya ya utotoni mwangu gazeti la leo lilifika jioni. Lilipakiwa kwenye basi Dar es Salaam, likapita Morogoro, Iringa na Makambako, zaidi ya kilomita 800, na hadi mimi nitumwe Kabwe kulichukua, habari zake zote zilikuwa zimeshasikika redioni. Babu hakujali. Alichokuwa akisubiri ni ukurasa wa ndani, karibu na katuni: fumbo la maneno.

Babu yangu ni Mhehe wa Iringa aliyefundisha shule za msingi Mbeya, akaoa huko Mnyakyusa wa Kyela, akastaafu huko. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 10 na kazi yangu ilikuwa kumsomea vidokezo. Alikuwa na sheria tatu. Ya kwanza, tunajaza kwa kalamu ya wino, si penseli. Ya pili, kila jibu nililotoa aliliuliza: "Nani kasema?" Ya tatu, nikishindwa nampa mji, kama kwenye vitendawili. Nilikuwa nampa Iringa kila siku, naye ananikatalia: "Iringa ulishanipa jana. Nipe mwingine."

Tukimaliza, alichukua kalamu nyekundu na kulisahihisha fumbo lenyewe kama daftari la mwanafunzi. Kidokezo kikisema "Mnyama" tu, visanduku vinne, alikipa mbili kwa kumi. "Chui, paka, fisi, mbwa, kima. Huu si mtihani, ni bahati nasibu." Kidokezo "Hulala macho wazi", visanduku sita, kilipata tisa. Jibu ni samaki. Kumi sikuwahi kuiona.

Siku moja tulikutana na hiki, Kwenda Kulia, visanduku sita: "Chifu wa Wahehe aliyeuawa na Wajerumani."

Nilipiga kelele: Mkwawa! Babu akaweka kalamu chini.

"Nani kasema?"

"Kidokezo, Babu."

Akaichukua kalamu, akaandika M, K, W, A. Kwenye kisanduku cha tano akaandika V. Kisha A. Tatizo ni kwamba kutoka kisanduku hicho cha tano kulikuwa na neno la kushuka chini, visanduku vinne, "Chakula cha mchele". Tukabaki na VALI.

Bibi alichungulia akitokea jikoni, akasoma, akacheka mpaka akashika mlango. "Haya Mwalimu, leo nimepika vali la Kyela. Karibuni mezani."

Babu hakucheka. Usiku ule aliandika barua kwa mhariri. Gazeti lililofuata lilitoa majibu kama kawaida, MKWAWA na WALI, na barua haikuchapishwa wala kujibiwa. Mimi niliona ni ukaidi wa mzee. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na imenichukua miaka 15 kuelewa kwamba katika visanduku vile sita babu alikuwa na malalamiko mawili, na moja kati yake lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Kwanza fumbo lenyewe. Mafumbo ni ya kwetu, lakini mraba huu ni mgeni. Ulianzia New York tarehe 21 Desemba 1913, pale Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, alipochapisha fumbo la umbo la almasi katika gazeti la New York World. Miaka 11 baadaye gazeti la New York Times lilikuwa bado linaukebehi mchezo huo kama upotevu wa muda. Likasalimu amri mwaka 1942, katikati ya vita, na kuanza kuchapisha la kwake.

Mraba ule ulichorwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake huishia na herufi za kila aina. Kiswahili kimeingia humo kama mtu aliyeazimwa koti. Karibu kila neno letu huishia na irabu, kwa hiyo kabla hujasoma kidokezo unajua kisanduku cha mwisho ni a, e, i, o au u. Ngeli nazo huvujisha siri: kidokezo kikidai wingi wa neno la ki-, herufi mbili za kwanza umeshapewa bure. Upande wa pili kuna ch, sh, ny na ng', sauti moja moja zinazokatwa vipande ili zitoshe. Babu, aliyefundisha watoto kusoma kwa ba be bi bo bu, alishikilia kwamba fumbo la Kiswahili lingejazwa kwa silabi: chui ni chu-i, visanduku viwili, basi. Nilipokua nikasoma kwamba Wajapani hujaza mafumbo yao hivyo hivyo, silabi moja kila kisanduku. Nilimpigia simu kumweleza. "Ah," alisema, "walisoma Mbeya?"

Lalamiko la kwanza la babu lilikuwa la herufi. Jina kamili la mtawala yule hutajwa kuwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Mkwavinyika ni jina la sifa, la mshindi wa nchi, na kifupi chake kwa Kihehe ni Mkwava. Sasa, Mjerumani akiandika w anaisoma v. Jina likiandikwa kwa w na kalamu ya Kijerumani, kisha likasomwa na Mwingereza au na Mswahili, sauti inageuka bila mtu kukusudia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, unaomtaja katika kifungu cha 246, umeandika Mkwawa. Chuo cha elimu pale Iringa kinaitwa Mkwawa. Nilimkumbusha babu kuwa hata mjukuu wa mtawala, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, aliandika w. "Kuandika na kuita ni mambo mawili," alijibu. Hapo sikumpa ushindi. Majina husafiri, na watu wenyewe wakishalipokea jina na tahajia yake, ni lao.

Lalamiko la pili lilikuwa katika neno moja la kidokezo: aliyeuawa.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, naye akafa papo hapo. Wajerumani walirudi na mizinga Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Neno Iringa lenyewe limetokana na lilinga, ngome kwa Kihehe. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne, huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898 kikosi cha Sajini Merkl kilimfikia karibu na Mlambalasi. Kwa maelezo ya Merkl mwenyewe, waliona watu wawili wamelala, wakafyatua risasi, na watu wale hawakutikisika. Walikuwa wameshakufa. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi ili asikamatwe. Wajerumani walichokiua pale kilikuwa maiti. Kisha wakaikata kichwa.

Kwa hiyo jibu MKWAWA lilitosha visandukuni na kidokezo kilikuwa cha uongo. Kilimnyang'anya mtu tendo lake la mwisho na kuwapa wale waliochelewa kufika.

Hadithi ya kichwa chake nayo ni ya kujaza visanduku. Kifungu kile cha Versailles kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ikapita zaidi ya miaka 30. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu takriban 2,000, na kutafuta moja. Vidokezo vyake vilikuwa vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa na tundu la risasi. Fuvu lililoafiki vidokezo ndilo lililoletwa, likakabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Wapo wanahistoria waliotilia shaka kama ndilo, na ninawaelewa: W inatosha kisanduku cha tano, na V pia inatosha. Kutosha si ushahidi.

Babu alinipeleka Kalenga mwaka 2011, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Fuvu liko ndani ya kioo. Babu alivua kofia, akainama kidogo akasema, "Kamwene." Mimi, mwanafunzi wake mwema, nikamuuliza kwa sauti ya chini:

"Babu, nani kasema ni yeye?"

Nilidhani atafurahi. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikaogopa kwamba nimemkosea.

"Kama siye," alisema, "basi ni mtu mwingine aliyechukuliwa kwao bila kuulizwa. Naye anastahili salamu."

Mwaka jana niliandika rasimu ya sura ya kwanza ya tasnifu yangu. Babu na Bibi walishahamia Iringa, Kihesa, na macho ya babu yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo nilimsomea kwa simu. Nilikuwa najivunia. Nilifika ukurasa wa nne, sentensi iliyosema utawala wa Kijerumani uliimarika baada ya "kuuawa kwa Mkwawa mwaka 1898".

"Nani kasema?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeinakili kutoka kitabu kimoja, ambacho nacho hakikutaja kimeipata wapi. Miaka yote hii nilikuwa najua kisa kizima, nimesimama mbele ya kile kioo, na bado mkono wangu uliandika neno lilelile la gazeti kwa sababu lilitosha kwenye sentensi. Mtunzi wa fumbo angalau alikuwa na udhuru wa nafasi. Mimi nilikuwa na kurasa 100.

Nilibadilisha nikaandika "alijiua ili asikamatwe", na chini yake nikaweka maelezo ya Merkl. Hilo nalo halikumfurahisha babu kikamilifu. Shahidi wetu mkuu, alisema, ni mtu aliyekuwa akitafuta rupia 5,000. Nikamwambia ndiyo maana namwamini: mtu wa namna hiyo angependa kusema amemuua yeye. Babu akafikiri. "Nane kwa kumi," akasema.

Jumamosi bado tunajaza fumbo, mimi Mbeya na gazeti mkononi, yeye Iringa na simu sikioni, Bibi nyuma yake akitoa majibu ambayo hakuulizwa. Gazeti siku hizi halisubiri jioni, ila sisi tumezoea saa ile. Wiki iliyopita kulikuwa na hiki, Kwenda Kulia, visanduku sita: "Mji wa Nyanda za Juu Kusini."

"Iringa," nilisema, kalamu ikiwa tayari kwenye karatasi.

"Njombe nayo ina sita," alisema.

"Na Tukuyu!" Bibi alidakia.

Hatukuandika kitu. Tulianza na maneno ya kushuka chini.