Chombo cha maswali na majibu: fundi wake yuko?

OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza Uingereza mwaka 2004 (hata barabara za Goma zimo), ilikuwa na pahali pa kuulizia maswali palipotumia programu OSQA. Kazi ilienda muzuri: watu wanapiga kura, jibu zuri linapanda juu, anayekuja kesho analikuta. Ku WhatsApp jibu linazama siku ileile, na mwenye kuingia kundini nyuma hajui kama swali liliulizwa.

Lakini waliotengeneza OSQA waliiacha. Programu isiyo na fundi ni mlango wazi kwa wezi wa mtandao. Ikabidi kuhamia Discourse.

Wenye kuchagua waangalie kwanza tarehe ya marekebisho ya mwisho, kisha kama maswali ya zamani yanaweza kutolewa na kuhamishwa. Rangi na sura, hayo ni ya baadaye.