Taa ya nyuma kwa gari linalobeba pikipiki na baiskeli: namna ya kuifunga isimalize betri wala kuwasha moto

Magari ya njia mbovu yanayofanya kazi mkoani Katavi, hasa Land Cruiser na Land Rover, hubeba kila kitu. Leo ni magunia ya mpunga kutoka Mpimbwe, kesho ni pikipiki iliyokufa injini inayopelekwa kwa fundi Mpanda mjini, keshokutwa ni baiskeli sita za watu wanaokwenda mnadani. Mzigo huu mara nyingi hupakiwa kabla ya jua kuchomoza na hushushwa giza limeingia. Hapo ndipo unapomwona utingo kashika tochi ya simu kwa meno, mikono yote miwili ikihangaika na kamba, na simu ikidondoka inaingia katikati ya spoki.

Taa iliyotoka nayo kiwandani ni ndogo, huwa katikati ya dari, na ukishapakia pikipiki mbili zinaifunika. Ndiyo maana watu wengi huongeza taa. Kazi yenyewe si kubwa, fundi umeme wa magari anaimaliza kwa nusu siku. Lakini ikifanywa ovyo huleta mambo mawili: gari kutowaka asubuhi ukiwa mbali na msaada, au moto. Tuanze na huo moto, kwa sababu ndio usio na marudio.

Pikipiki nyingi za bodaboda zinatumia kabureta. Ukiilaza pikipiki ya namna hiyo ubavu, petroli hutoka kwenye kabureta kupitia mpira wa kumwagia mafuta yanayozidi, hata kama tangi halijatoboka. Ndani ya gari lililofungwa, mvuke wa petroli haupandi juu kama moshi. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia sakafuni, kwenye mashimo ya bodi na chini ya viti. Swichi yoyote ya kawaida hutoa cheche ndogo inapowashwa au kuzimwa. Waya uliochubuka unaogusa bati hutoa cheche kubwa zaidi.

Kutokana na hilo, mambo matatu hatuyaoni kuwa ya hiari. Swichi ya taa isikae ndani ya sehemu ya mizigo, ikae mbele kwa dereva. Taa na waya zake zipite juu, karibu na dari, wala zisipite sakafuni. Na pikipiki isafirishwe imesimama wima, koki ya mafuta ikiwa imefungwa. Ukifungua mlango wa nyuma ukakuta harufu ya petroli, acha milango wazi hewa ipite kwanza, ndipo uguse swichi. Baiskeli hazina shida hii, ila gari linalobeba baiskeli leo litabeba pikipiki wiki ijayo, kwa hiyo fungeni taa kana kwamba ni gari la pikipiki.

Volti 12 au 24?

Kabla ya kununua taa, jua umeme wa gari lako. Land Cruiser nyingi ni za volti 12, lakini zipo za zamani, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Japani, zenye volti 24. Kuwapo kwa betri mbili hakutoshi kukupa jibu. Betri mbili zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, bado ni volti 12. Zikiungwa chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, ni 24. Mwambie fundi apime kwa mita, ni kazi ya dakika moja.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi: gari la volti 12 likiwa linaunguruma, jenereta hupandisha umeme hadi zaidi ya volti 14. Zile taa za utepe za bei rahisi zilizoandikwa volti 12 tu huanza kufa vipande vipande baada ya miezi michache. Tafuta taa ya LED iliyoandikwa kwamba inafanya kazi kati ya volti 9 au 10 hadi 30 au 32. Hiyo itafaa gari lolote kati ya hayo mawili, na haitasumbuliwa na umeme unaopanda na kushuka.

Kuhusu nguvu, watu hupenda kuzidisha. Taa mbili za LED za wati 5 kila moja zinatosha kabisa nyuma ya Land Cruiser ndefu. Tupige hesabu. Wati 10 kwenye volti 12 hula chini kidogo ya ampia 1. Ukisahau kuizima kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa 11, umetumia kama ampia-saa 9. Betri nzima ya ampia-saa 70 itapiga stata bila shida. Sasa chukua taa ya balbu ya wati 55, zile za kumulikia barabarani ambazo wengine huzigeuza kuwa taa za ndani. Kwa saa hizo hizo itakula kama ampia-saa 50. Asubuhi yake mtasukuma gari, na kama mko Mishamo au njia ya Karema, mtasubiri gari lingine lipite.

Mahali pa kuiweka

Taa moja katikati ya dari ni kosa kwa gari la pikipiki. Usukani na tangi hutupa kivuli chini, mahali hasa unapotafuta ndoano za kufungia kamba. Weka taa mbili, moja kila upande, kwenye kona ya dari na ubavu, zikitazama ndani na chini. Kivuli cha upande mmoja kinafutwa na mwanga wa upande wa pili. Moja iwe karibu na mlango wa nyuma, maana kazi kubwa ya kufunga na kufungua iko pale.

Kabla ya kutoboa, pakia pikipiki ndefu kuliko zote unazobeba na uone usukani na vioo vyake vinafika wapi. Pedali ya baiskeli iliyogeuzwa juu chini huvunja taa kwa safari moja. Taa nyembamba iliyojibanza kwenye mfereji wa bodi hudumu kuliko ile nzuri inayoning'inia.

Rangi nayo ina maana. Wakati wa masika yetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, wadudu wa usiku ni wengi, hasa ukiwa karibu na mto Katuma au mbuga za Katavi. Mwanga mweupe unaoelekea ubluu huwavuta zaidi kuliko ule wa umanjano. Sisi tungechukua wa umanjano hata kama unaonekana hafifu dukani.

Waya, fyuzi na hasi

Usikubali waya wa nyumba. Ule wa uzi mmoja mnene umetengenezwa ukae ukutani bila kutikisika. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi hukatika ndani kwa ndani, nje ganda likiwa zima, na utatafuta tatizo siku nzima. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi wa magari. Unene wa milimita 1.5 za mraba unazidi mahitaji ya taa hizi, lakini hauchomoki kirahisi.

Fyuzi ya ampia 3 au 5 inatosha, na ikae karibu na betri, ndani ya urefu wa kiganja kimoja au viwili. Wengi huiweka karibu na taa wakidhani inalinda taa. Fyuzi inalinda waya. Shoti ikitokea kati ya betri na fyuzi, hakuna kitakachoukata umeme huo, na waya utawaka kama utambi kuanzia kwenye injini hadi nyuma. Kuifunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni sawa na kutokuwa nayo.

Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la bati, weka raba ya duara. Bati la gari hutafuna waya polepole kwa mtikisiko, na huu ndio ugonjwa tunaousikia zaidi kwa mafundi. Ukubwa wa tundu uendane na raba, na mabati yaliyotobolewa yapakwe rangi kidogo yasianze kutu. Maungio yabanwe kwa koleo, si kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, ambayo kwenye joto la Oktoba huyeyuka gundi na kufunguka.

Kuna mtego kwenye taa inayowaka mlango ukifunguliwa. Katika magari mengi ya Kijapani, swichi ya mlango hukata upande wa hasi, wala haikati chanya. Fundi akikupa taa mpya chanya kutoka taa ya zamani kisha akaifunga hasi kwenye bodi, taa itawaka saa zote. Hasi ya taa mpya ni lazima ipite kwenye ile swichi ya mlango. Vinginevyo achana na mlango, tumia swichi ya peke yake kwa dereva, yenye kitaa kidogo chekundu kinachokukumbusha kwamba nyuma kunawaka. Sisi tunaipenda hii ya pili, kwa sababu ukiwa unapakia kwa nusu saa mlango uko wazi na huhitaji mwanga wakati wote.

Kitaa hicho kinasaidia pia barabarani. Mwanga mweupe ukitoka kwenye vioo vya nyuma, anayekufuata atadhani unarudi kinyumenyume, na wewe mwenyewe kioo chako cha mbele kitajaa taswira ya mizigo badala ya njia. Kwenye kipande kinachopita hifadhini baada ya Sitalike, ambako kiboko au tembo anaweza kuwa amesimama barabarani, hilo si jambo la kuchezea.

Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, mrudishie fundi gari akague maungio na kukaza skrubu. Na kama gari lako ni pikapu ya turubai, isiyo na dari ya bati, usilazimishe waya kwenye mabomba ya turubai yanayovuliwa kila siku. Taa ndogo ya sola yenye ndoano, inayochajiwa juu ya kabini mchana, itakufaa zaidi na haigusi betri ya gari kabisa.