Baiskeli Mseto

Baiskeli mseto ni baiskeli iliyoundwa kwa mtu anayepita kwenye lami na kwenye udongo katika safari ile ile, bila nia ya kushindana. Kutoka kwa baiskeli ya mashindano imechukua magurudumu makubwa na fremu nyepesi. Kutoka kwa baiskeli ya milimani imechukua mpini ulionyooka, matairi mapana kiasi na gia za kupandia mlima. Aina hii ilianza kuuzwa katika miaka ya 1980, baada ya baiskeli za milimani kuenea kutoka California. Katika maduka ya Kenya huitwa haibridi.

Jina hilo lina tafsiri mbili zinazoshindana. Baadhi husema baiskeli chotara, kwa kufuata mbegu chotara, ambazo wakulima wa Uasin Gishu wamezipanda tangu mahindi ya Kitale yalipotolewa mwaka 1964. Lakini uchotara ni jambo la uzazi: wawili huzaa wa tatu, na ndani yake sifa za wazazi hazitenganishiki tena. Tena, likitajiwa mtu, neno hilo huweza kuudhi. Baiskeli haizaliwi. Huunganishwa vipande, na karibu kila kipande hubadilishika. Mseto, kama ulivyo katika kilimo mseto na katika serikali ya mseto, ni mchanganyiko ambamo kila kilichoingia bado kinaonekana. Istilahi ya pili ndiyo bora, na humpa mnunuzi njia ya kuchagua: atazame sehemu moja moja, aulize imetoka upande gani.

Baiskeli mseto isichanganywe na baiskeli ya changarawe, ambayo ina mpini uliopinda kwenda chini na hutumika pia katika mashindano. Suleiman Kangangi, mwendeshaji kutoka Eldoret, alikuwa miongoni mwa Wakenya waliolitangaza jina la nchi katika mashindano hayo ya changarawe hadi alipofariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022.

Eldoret, mji wa Uasin Gishu, iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Uganda ina lami, na malori yanayoelekea mpakani Malaba. Ukiiacha kuelekea vijijini, kama kule Kaptagat wanakofanyia mazoezi wanariadha, unakuta njia za udongo mwekundu, ngumu na zenye vumbi wakati wa kiangazi, za kuteleza katika mvua za Aprili hadi Agosti. Mji kama huu ndio unaoifaa baiskeli mseto, mradi matairi yawe sahihi.

Tairi lina uzito zaidi kuliko kitu kingine chochote katika uamuzi wa kununua. La mashindano lina upana wa milimita 25 hadi 28, nalo huumia kwenye kokoto. La milimani hupita milimita 50, na kwenye lami humchosha mwendeshaji bure. Kati ya milimita 38 na 45 ndipo penye nafuu. Upana huo huruhusu upepo upunguzwe kidogo, tairi likaukumbatia udongo badala ya kurukaruka juu yake. Fremu nayo lazima iache nafasi pembeni mwa tairi, kwa sababu tope la Uasin Gishu hunata na kujaa hadi gurudumu linagoma.

Kipenyo cha rimu ni suala jingine, na hapa wengi hupoteza pesa. Baiskeli mseto nyingi zina rimu ya milimita 622. Black Mamba, baiskeli ya gia moja iliyobeba mizigo ya Kenya kwa miongo mingi, ina rimu ya milimita 635. Zote mbili huweza kuandikwa inchi 28, ilhali tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Baiskeli za milimani za inchi 26 zina milimita 559. Namba ya kuamini ni ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi, mfano 40-622: upana, kisha kipenyo. Kabla ya kulipa, inafaa kuuliza kwa fundi wa karibu kama tairi na tyubu za namba hiyo zinapatikana mjini.

Kwa gia, jambo la msingi ni ile nyepesi kabisa. Meno 28 mbele na 34 nyuma yanatosha: mzunguko mmoja wa pedali hauzungushi gurudumu hata mara moja kamili, na mpando wa kwenda mji wa Iten huwezekana bila kushuka. Wingi wa gia hauongezi kitu.

Breki za diski hushika vizuri hata rimu ikiwa na tope. Zinazovutwa kwa waya zinafaa zaidi hapa kuliko za mafuta, kwa kuwa waya hupatikana kwa urahisi na fundi yeyote huujua. Anayetaka kuteremka kutoka Iten hadi Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini, asikubali breki dhaifu.

Foki yenye springi huwavutia wanunuzi, lakini katika baiskeli za bei nafuu huongeza uzito na hulegea mapema. Kati ya baiskeli mbili za bei moja, yenye foki ngumu na matairi ya milimita 40 ndiyo ya kununua.